Kisanduku cha Mlio Mmoja

"Hii redio ni nzima," Koili alisema, akaisukuma kwa kidole kimoja kama anasogeza panya aliyekufa. "Umenitoa jasho la bure."

Mzee aliyeileta alisimama mbele ya meza ya fundi, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi, mkononi kashika nondo yake ya siku zote, ndefu kama mkono, ncha moja imeng'arishwa na sikio lake mwenyewe. Alikuwa anaitazama midomo ya Koili. Hakutazama macho wala redio. Midomo.

"Mzee, nimesema nzima!"

"Basi itengeneze."

Koili akatema mate pembeni. Kutema ndiyo ilikuwa nukta yake. Kila alichosema kuhusu binadamu wenzake kiliishia hapo, na udongo wa chini ya kiti chake haukuwahi kukauka. Aliwatemea wanaoleta redio zimejaa mende halafu wanasema "ilizimika tu yenyewe". Aliwatemea wanaofungua redio kwa kisu cha jikoni kabla ya kuja kwake. Aliwatemea wanaosimama kumwangalia akilehemu na kumfundisha kazi. Leo alikuwa anamtemea baba mkwe wake, jambo ambalo lina adabu yake, kwa hiyo alitema mbali kidogo.

Akagusa kitufe cha sauti. Kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho. Akakiangalia kitufe, akamwangalia mzee, akaiangalia nondo. Kisha akacheka, kicheko kibaya.

"Kumbe! Redio haina ugonjwa. Mgonjwa ni wewe. Umekuwa kiziwi."

Hilo mzee alilisoma vizuri sana. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu aliyeitwa mwizi sokoni.

"Punguza sauti," akasema.

"Mimi ndiye nipunguze?"

Tangu Koili amuoe binti yake, mzee huyu hakuwahi kufika kwenye meza hii. Siku ya harusi yenyewe alisema mbele ya watu, mdomo umejaa chakula: "Binti yangu kapata mtu wa kufukua matumbo ya redio." Watu walicheka mpaka wengine wakapaliwa. Koili alilimeza lile neno, lakini halikushuka tumboni, lilibaki palepale kooni. Naye akaanza kumwita Mzee Grisi, mwanzoni kwa siri, baadaye bila siri yoyote, na jina likashika kuliko alilopewa na mama yake.

Mzee Grisi alikuwa anafanya kazi kiwanda cha kupasua mbao, huko mwisho wa barabara ya malori: mabanda ya mabati, matope, na msumeno mmoja wa duara unaomfika mtu kifuani. Msumeno unakaa kwenye shafti, shafti inazunguka ndani ya beringi, na beringi kabla haijafa hulia. Siyo kelele. Ni mlio mwembamba, kama mbu aliyejifunza wimbo mmoja na hataki kujifunza mwingine. Inaweza kulia hivyo nusu siku kabla haijashika moto na kujifunga. Ikijifunga gogo likiwa katikati, shafti inaruka, na msumeno unaruka nayo. Mpasuaji aliyekuwepo zamani, leo hii anafunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja.

Kazi ya mzee ilikuwa kupaka grisi, na kuweka ncha moja ya nondo kwenye beringi, nyingine sikioni, na kusikiliza. Akisikia mlio, ananyanyua mkono. Umeme unazimwa. Basi. Alikuwa mchafu, mkali, hana rafiki hata wa kumkopesha kiberiti, lakini mkono wake ulikuwa unasimamisha kiwanda kizima.

"Tangu lini?" Koili akauliza, safari hii taratibu, midomo ikionekana.

"Mvua zilizopita. Mota naisikia. Malori nayasikia. Matusi nayasikia. Ile nyembamba ndiyo imeondoka."

"Na bado unaweka nondo sikioni?"

"Naweka."

"Unasikia nini?"

"Nondo."

Koili alitaka kucheka tena, kicheko kikakwama. Anayesimama mbele ya msumeno ule siku hizi, anayesukuma magogo kwa mikono yake miwili, ni shemeji yake, kitindamimba wa mzee huyuhuyu.

"Mpe mwanao nondo asikilize."

"Yule? Masikio yake yanasikia kengele ya chakula tu." Mzee aliisogeza nondo kifuani kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. "Na nikimpa, mimi nabaki na nini? Msimamizi anatafuta sababu. Ana mpwa wake anataka kazi ya kivulini." Kilichofuata alikisema kama anatapika mwiba. "Binti yangu anasema wewe unaweza kutenganisha sauti."

"Anasema hivyo?"

"Anasema mambo mengi. Hilo nililisoma midomoni."

Hapo mzee alikuwa amegusa penyewe. Jina la Koili halikutoka hewani. Aliacha shule mapema, siku mwalimu alipomwambia kwamba umeme hauonekani, kwa hiyo asiulize maswali ya kijinga. Alibeba daftari zake akaondoka, maana aliona mjinga pale darasani ni mmoja na si yeye. Tangu hapo alikuwa anasuka waya mwembamba kama unywele kwenye kijiti, ndiyo koili hiyo, anaufunga pamoja na kapasita, na vitu hivyo viwili vikishakaa pamoja vinapenda mlio mmoja tu. Huo vinaupitisha. Mingine yote vinaigeuzia mgongo. Kuna watu wanafuga njiwa, yeye alikuwa anafuga vichujio vya sauti.

"Watu wote wanataka redio inayoshika kila kitu," alipenda kusema. "Kushika siyo kazi. Hata bati la paa linashika. Kazi ni kukataa."

Akavuta kipande cha ubao, akaanza kupima kwa macho ukubwa wa kisanduku.

"Nitakutengenezea sikio. Litasikia mlio wa beringi, basi. Hata msimamizi akikutukana hutamsikia."

"Msimamizi nataka kumsikia," mzee akasema. "Nisipomsikia nitajuaje cha kumjibu?"

*

Tatizo likawa mlio wenyewe. Huwezi kutengeneza mlango bila kujua nani anapita. Jioni ile mzee alikaa kwenye kochi la binti yake kwa mara ya kwanza, ncha ya kochi, kama yuko kituo cha polisi.

"Ukoje?" Koili akauliza.

Mzee akakunja midomo, akapiga mluzi. Hakuusikia mwenyewe. Uso wake ulikuwa mtupu kabisa, uso wa mtu anayepuliza chai, lakini mluzi ulitoka mwembamba, umenyooka, haukutetemeka hata kidogo.

Mke wa Koili alikuwa anapiga pasi. Pasi ikasimama juu ya shati.

"Huo!" akasema. "Huo ndio. Tulikuwa wadogo, baba akirudi anaupiga hapo mlangoni, tunajua beringi imelia. Atakula kwa haraka, atarudi kiwandani kuifungua. Na siku hiyo usimwombe kitu, hata maji."

Koili alikuwa ameshaanza kupima mluzi kwenye mashine yake. Alifurahi, na akifurahi huwa hasemi na mtu.

"Lakini unashuka," mkewe akaongeza.

"Nini kinashuka?"

"Mlio. Msumeno ukizunguka mtupu unakuwa hivi." Akapiga mluzi kama wa baba yake. "Ukiingia kwenye gogo unachoka, na mlio unachoka nao. Hivi." Mluzi ukateleza chini, kama mtu anayeketi. "Tulikuwa tunaipiga yote miwili tukimsubiri."

"Nani fundi hapa?"

"Sijasema wewe siyo fundi. Nimesema unashuka."

"Nikiupa nafasi ya kushuka, lazima nipanue. Nikipanua, unaingia mkanda wa mashine, inaingia mota, inaingia kila takataka ya kule kiwandani. Nikikaza, unapita peke yake, msafi. Huwezi kupata vyote."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo linalowaua mafundi. Kichujio kipana kinakaribisha wageni usiowaalika. Kichujio chembamba kinamfungia nje hata mwenye nyumba akibadilisha shati. Tena chembamba kina tabia nyingine, mbaya zaidi: ni kizito kuanza na kizito kunyamaza. Koili aliyajua yote haya. Alichagua chembamba kwa sababu ndicho kigumu kutengeneza, na kwa sababu mkewe alisema kipana.

Mkewe akarudi kwenye pasi. "Humu ndani pia unasikia mlio mmoja," akaliambia shati.

Fundi alisuka koili mpaka vidole vikaota sugu mpya. Alipomaliza, kisanduku kilikuwa kizuri kuliko kitu chochote kilichowahi kutoka kwenye meza ile. Washa redio, kimya. Gonga sufuria mbali, kimya. Piga kelele, tukana, imba, kimya. Mkewe akapiga mluzi ule wa kwanza tu, akiwa amesimama jikoni, na mzee aliyekuwa na hedifoni masikioni akaruka kwenye kochi. Akashika hedifoni kwa mikono yote miwili. Akafumba macho. Kidevu kikaanza kumcheza.

Koili akageuka kutazama ukuta. Hakupenda kuona watu wazima wakifanya sura hizo.

*

Kiwandani Koili alikwenda kwa kisingizio cha king'ora kibovu. Kisingizio cha mzee kilikuwa ileile redio nzima: aliining'iniza shingoni kwa kamba, kisanduku kimefichwa nyuma yake, waya wa hedifoni umepanda chini ya kofia, na waya mwingine mwembamba na mrefu, wenye kipaza sauti kidogo kama kifungo cha koti, umebanwa juu ya beringi. Akiulizwa, anasikiliza habari.

"Habari gani, mzee?" shemeji alimuuliza kwa ishara, akicheka. Yeye siri alikuwa anaijua. Alikuwa ameiona siku nyingi na kuinyamazia. "Wamesema nimetajirika?"

"Wamesema uangalie vidole vyako," baba yake akasema.

Koili alipanda ngazi akajifanya anafungua king'ora. Kutoka pale juu aliwaona wote, na wote walimchosha. Wabebaji wanaopiga domo huku gogo limewalalia mabegani. Wapanga mbao wanaopanga kama wamelewa. Na msimamizi, mtu aliyepewa filimbi na viatu visivyoguswa na matope, anayetembea kando ya kazi kama anatembea kando ya mto asiojua kuuogelea. Koili alitema mate kutoka kwenye ngazi. Yalianguka mbali.

Mota ikawashwa. Msumeno ukaanza kuzunguka, ukapoteza meno yake, ukawa sahani ya mwanga. Wabebaji wakaangusha gogo la kwanza kwenye toroli. Gogo likapiga chuma: *buu!*

Mkono wa mzee ukapanda.

Umeme ukazimwa. Kiwanda kizima kikageuza shingo. Mzee alikwenda kwenye beringi, akainama, akatemea mfuniko mate. Ndivyo walivyopima pale, siku zote: mfuniko ukiwa wa moto mate yanachachatika na kuruka, na hakuna wa kubishana. Mate yakatua. Yakakaa. Yakaanza kuteleza taratibu upande mmoja, kama konokono asiye na haraka.

"Baridi," mtu akasema.

Wakafungua hata hivyo. Beringi ilikuwa safi, grisi ya manjano, haina hata mkwaruzo.

"Haya, endeleeni," msimamizi akasema. "Mzee anaota."

Mota ikawashwa. Gogo likaingia vizuri, likapasuliwa. Gogo la pili likaangushwa, *buu!*, mkono ukapanda. Mate. Baridi. Safari hii walicheka waziwazi, na mmoja wa wabebaji akajitemea kwenye kiganja, akajigusa kipaji cha uso, akajiangusha chini kama ameungua. Wengine wakavunjika mbavu.

Msimamizi alikuja hadi pale, akasimama karibu sana na mzee, akaongea akitanua midomo. Alikuwa anajua. Au alikuwa anahisi, na kuhisi kulimtosha.

"Ukinyanyua tena huo mkono, na mfuniko uko baridi, unatoka nao getini. Umenielewa? Au nikuandikie?"

"Nimekuelewa," mzee akasema. "Una pumzi mbaya."

Mota ikawashwa tena, na Koili akashuka ngazi. Moyo ulikuwa unampiga kwa hasira, na hasira yenyewe haikujua imwangukie nani. Akamvuta mzee nyuma ya rundo la mbao, akamvua hedifoni, akavaa yeye.

Kimya. Kimya safi, kizuri, kimya chake. Mota haikuwepo, mkanda haukuwepo, vicheko havikuwepo. Aliisikia kazi yake mwenyewe na akajisikia vizuri kidogo.

Kisha wakaangusha gogo lingine.

*Tiiiii*, kisanduku kikasema. Mwembamba, umenyooka, haukutetemeka. Mlio uleule wa mzee. Ulikaa, ukafifia taratibu, ukanyamaza. Mtu akagonga nyundo kwenye toroli. *Tiiiii.* Mlango wa banda ukabamizwa na upepo. *Tiiiii.* Koili akakigonga kisanduku chenyewe kwa ukucha. *Tiiiii.*

Akasimama pale, mdomo wazi. Alikuwa amekikaza mno. Kichujio kikikazwa hivyo kinakuwa kengele: ukikigonga kwa chochote, kitakujibu neno lake moja lilelile. Gogo, nyundo, mlango, kwake vyote ni beringi. Hakikuwa kinasikia. Kilikuwa kinajiimbia.

"Imelia?" mzee akauliza.

"Haijalia."

"Mimi nimeisikia."

"Umekisikia kisanduku."

"Na beringi?"

Koili alikuwa amekumbuka mluzi wa pili, ule unaoteleza chini kama mtu anayeketi. Msumeno ukiwa ndani ya gogo mlio unashuka, na ukishuka unatoka nje ya mlango wake mwembamba, na kisanduku hakitausikia kabisa. Yaani kile kisanduku kizuri kinapiga kelele wakati hakuna kitu, na wakati kuna kitu, mikono ya shemeji ikiwa mbele ya meno, ndipo kinaponyamaza. Angemtengenezea mzee boksi tupu lisingekuwa na ubaya huo.

Upande wa pili wa rundo msumeno ulikuwa umeingia kwenye gogo kubwa. Sauti yake ilizama.

Akainyakua nondo mkononi mwa mzee. Mzee hakupenda, akaing'ang'ania kidogo, kisha akaiachia. Koili akaenda mpaka kwenye msumeno, kichwa chini, kama fundi aliyedondosha skrubu. Akaweka ncha moja juu ya mfuniko, nyingine kwenye sikio lake, sikio zima, la kijana.

Dunia yote ikamwingia kichwani. Mota ikinguruma, mkanda ukichapa, meno yakitafuna, boriti za banda, miguu ya watu, damu yake mwenyewe. Vyote pamoja, vyote vinaongea, hakuna anayempisha mwenzake. Hivi ndivyo mzee alivyokuwa akisikiliza miaka yote? Alitaka kukataa kitu, hakujua akatae kipi. Na huko chini ya vyote, au labda ndani ya fuvu lake tu, kitu chembamba kilikuwa kinateleza chini pamoja na gogo.

Akaondoa nondo. Akaiweka tena. Hakipo. Kipo. Hakipo.

Shemeji alimtazama kutoka upande wa pili wa sahani ile ya mwanga, mikono juu ya gogo, nyusi zimeuliza. Kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa kimefungwa kitambaa cha buluu. Koili alikijua kitambaa kile. Kilitoka kwenye gauni la mkewe.

Angeweza kunyanyua mkono yeye. Lakini mkono wake pale haukuwa na maana kuliko mkono wa kuku.

Akarudi mbio nyuma ya rundo. "Nipe redio."

Mzee akamtazama.

"Redio! Nipe redio!"

Akaichomoa shingoni kwa nguvu, akaipiga kwenye ukingo wa ubao, ganda likapasuka. Redio nzima, isiyo na ugonjwa wowote. Akaingiza koleo, akang'oa kile kitufe cha sauti na nyama zake zote, kikatoka na waya zinaning'inia. Akafungua kisanduku. Koili ilikuwa pale ndani, imelala vizuri, mizunguko yake imekaa kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye upendo. Kando ya koili hiyo alitakiwa kuweka rezista, kitu cha kuipunguzia ukaidi, kuifanya ikubali na jirani wa mlio wake, na jirani wa jirani. Ingekosa usafi. Ingekosa nguvu. Kila mjinga angepita. Kitufe cha redio ni rezista inayozungushwa, kitafaa. Akamenya waya kwa meno, akazisokota kwa vidole, hakulehemu, hakupima, hakufanya kitu hata kimoja ambacho angekisamehe kwa fundi mwingine. Kazi chafu kuliko zote alizowahi kuzitemea.

"Baba, vaa tena," akasema, akamvalisha hedifoni.

Mzee hakulisikia lile "Baba". Tayari masikio yalikuwa yamefunikwa.

Koili akauweka mkono wa mzee kwenye kitufe. Akamwonyesha: huku chembamba, huku kipana. Mzee akazungusha. Uso ukakunjamana, huenda takataka zote za kiwanda zilikuwa zimemwingia kwa mkupuo. Akarudisha. Akasikiliza. Akafungua kidogo. Akafunga kidogo kuliko alivyofungua. Kidole gumba chenye grisi kilikwenda na kurudi, kikienda na kurudi polepole zaidi, jinsi mtu anavyotafuta mahali pa kulala ndani ya chumba chenye giza. Koili alitaka kumwambia hapo, hapo simama. Lakini hakujua ni wapi. Mahali pale palikuwa pa mzee.

Walitembea pamoja hadi kwenye msumeno. Gogo kubwa lilikuwa limefika katikati. Msimamizi aliwaona wakija, akaiweka filimbi mdomoni, akatabasamu huku kaiuma.

Mzee akafumba macho. Midomo yake ikakunjika yenyewe; alikuwa anapiga mluzi, bila kujua, katika kelele ambayo hakuna mtu angeweza kuusikia. Koili aliiona midomo. Aliiona ikibana, halafu ikilegea kidogo kidogo, kama mluzi unaoteleza chini, unaoketi.

Mkono ukapanda.

Umeme ukazimwa. Sahani ya mwanga ikaanza kuota meno tena, taratibu, mpaka msumeno ukasimama ndani ya gogo kama ulimi uliong'atwa. Shemeji akaondoa mikono, akarudi nyuma. Hakuna aliyecheka. Wabebaji walisogea, wapanga mbao wakaacha mbao, msimamizi akaja na viatu vyake mpaka kwenye unga wa mbao.

"Tema," akamwambia mzee.

Mzee alivua hedifoni. Akamgeukia mkwe wake, akamtazama kwa dharau ya siku zote, ile ya siku ya harusi, haijapungua hata kidogo.

"Tema wewe," akasema. "Kila siku unatema bure. Leo tema kwa kazi."

Watu wakampisha. Koili akainama juu ya mfuniko. Hewa pale juu ilikuwa inachezacheza, au ni macho yake yalikuwa yanacheza. Akavuta mashavu ndani, akatafuta mate. Hayakuwepo. Mdomo ulikuwa umekauka kama umejazwa unga wa mbao, ulimi umegandia juu. Akatafuta tena. Kimya kilikuwa kikubwa mno, na ndani yake alisikia kila kitu kwa wakati mmoja: shingo za watu zikigeuka, filimbi ikigonga kifungo cha koti la msimamizi, matone ya mvua ya jana yakidondoka kutoka kwenye mabati, pumzi ya shemeji nyuma yake, pumzi ya mzee.

Kikaja kitone cha mate, mwisho wa ulimi. Kikakusanyika kwenye mdomo wa chini, kikarefuka, kikaning'inia juu ya mfuniko.